Somo: Kununua Triumph Bonneville 650 iliyolala miaka mingi

Wakuu, kwa sisi tulio huku Uingereza, pikipiki za Bonneville zilizosahaulika gereji bado zinaibuka. Rangi na kromu zisikutie kiwewe, hizo zinanunulika. Anza na namba.

1. Namba. Ya injini iko kushoto, chini ya silinda. Ya fremu iko kwenye shingo ya usukani. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilizigonga zifanane. Zilinganishe na V5C, hati ya usajili ya DVLA, wakala wa magari wa serikali. Kuanzia modeli za 1969 hutanguliwa na herufi mbili, mwezi kisha mwaka: ED ni Mei, modeli ya 1970. Kwenye injini za modeli hizo, pale zilipogongwa pana vijineno vya Triumph vilivyojipanga. Ukikuta pamesuguliwa pakawa laini, aga uondoke, hata kama muuzaji ana maneno matamu.

2. Mtu asipige kiki kwanza. Oili ya injini hii hukaa kwenye tangi lake (modeli za 1971 kuendelea, ndani ya fremu). Pikipiki ikisimama sana, oili hupenya kwenye pampu na kujaa chini kwenye kranki. Muuzaji hufungua kifuniko, anaona pakavu, anaongeza nyingine! Mwageni ya chini kwanza. Fungua plagi, dondoshea kila silinda oili kidogo, subiri. Tia gia ya nne, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likizunguka bila kukwaruza, mna cha kuzungumza.

3. Risiti. Ndani ya kranki kuna kijibomba kinachonasa uchafu wa oili, na hakisafishiki mpaka injini ifunguliwe. Kama hakuna risiti ya fundi aliyeifungua, punguza bei kana kwamba utaifungua wewe. Hapa ndipo pesa huteketea.

4. Mengineyo. Mulika tochi ndani ya tangi la petroli uone kutu. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tairi kuukuu tupa hata kama lina kashata. Kabureta za Amal fungua, jeti ndogo huziba. Petroli weka E5 (ethanoli hadi asilimia 5), maana E10 (hadi asilimia 10) hula mipira ya zamani.

MASWALI

*Mkuu, betri naunga kama kawaida?*
Hapana. Kwenye 650 hizi chanya ndiyo inayoenda kwenye bodi. Ukigeuza unaunguza rektifaya.

*V5C haipo, ninunue?*
Unaweza kuomba kwa fomu V62, ila hakikisha kwanza si ya wizi. Na hata V5C yenyewe haithibitishi umiliki, kwa hiyo dai risiti ya mauziano.

*MOT (ukaguzi wa kila mwaka) je?*
Ikipita miaka 40 na haijabadilishwa sana, imesamehewa. Bima iko palepale.

*Spana zangu ni za milimita.*
Ziache nyumbani, mkuu. Tafuta za inchi: AF kwa nati za UNF, na Whitworth kwa nati za zamani. Ukilazimisha ya milimita utakula kona za nati zote.