Kabla hujamwita mwizi, tazama marudio

Vijana wa PUBG Mobile, ule mchezo wa simu wa kupigana risasi mtandaoni, hapa Chake Chake, dondoo moja. Ukifa nyuma ya ukuta, usikimbilie kusema jamaa anaona kupitia kuta. Mara nyingi ni mtandao tu: seva iko mbali, na kwenye simu ya mpigaji ulikuwa bado hujajificha. Mwizi wa kweli, yaani anayecheza kwa programu ya udanganyifu, hujulikana ukitazama marudio ya kifo chako. Shabaha yake humfuata mtu aliye nyuma ya ukuta, hatua kwa hatua, na hajasikia mguu wala risasi. Hapo ndipo umripoti, hapo hapo ndani ya mchezo. Kumtukana kwenye maiki hakumfungii.

Mkiandaa mashindano ya mtaani, timu zikae mbali mbali. Sisi tuliziweka baraza moja, watazamaji wakawa wanapiga kelele "yuko darini!" Mkirusha mchezo moja kwa moja mtandaoni, chelewesheni picha dakika chache, wapinzani wasione mtu alipo.

Na lile faili la "kuona maadui" linalotumwa WhatsApp, liache. Akaunti hufungiwa hata miaka 10, na faili usilolijua unaliweka kwenye simu hiyo hiyo yenye pesa zako.