SOMO: Elfu kumi ya sokoni, watu sita, na hatushindi kwa boflo na chai

Assalaam alaykum. Naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Dada, elfu kumi inakutosha vipi?" Jibu hili hapa. Atakayeniuliza tena namtumia hili hili.

Nakaa Fuoni, Unguja. Nyumbani tuko sita: mimi, mume, mama mkwe na watoto watatu wa skuli. Elfu kumi ya kila siku ni ya sokoni tu, yaani kitoweo, mboga, nazi na matunda. Mchele, unga, mafuta na sukari sivihesabu humo, hivyo hununuliwa mshahara ukitoka.

1. Vikavu nunua kwa mkupuo. Mchele, mbaazi, choroko, kunde. Ndoo yenye mfuniko, basi.

2. Siku tatu kwa wiki kitoweo ni mbaazi, kunde au choroko. Mbaazi na kunde roweka tangu usiku, asubuhi mwaga yale maji, utaokoa makaa. Ukila na wali au mkate, kile kinachopungua kwenye protini ya nafaka hujazwa na kunde, na kinachopungua kwenye kunde hujazwa na nafaka. Mwenye kuona haya mgeni akimkuta anakula mbaazi mchana, shauri yake.

3. Samaki. Hapa soma polepole.

Mwaka juzi, jua la kaskazi kali, nilipita sokoni saa kumi na moja jioni. Vibua walikuwa mezani tangu asubuhi bila hata kipande cha barafu. Fungu la elfu tano muuzaji akaniambia, "Chukua kwa elfu mbili, dada, nifunge nende zangu." Nikaona nimeokota. Macho ya samaki yalikuwa yameshaanza kuingia ndani na matamvua yamegeuka rangi ya kahawia. Niliyaona, lakini nikajipa moyo kwamba ndimu na chumvi vitamaliza mambo. Nikawaosha, nikawapaka ukwaju na thomu, nikawachoma. Harufu haikuwa mbaya, wallahi.

Nusu saa haijafika, uso wa mama mkwe umekuwa mwekundu kama tungule. Mtoto wa kati anajikuna shingo mpaka anatoa alama. Mimi kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio. Mume akasema ni mzio, mama mkwe akasema ni husuda ya jirani. Tulipofika hospitali daktari aliuliza swali moja tu: "Mmekula samaki gani, na alikaa wapi?"

Basi jueni. Vibua, jodari na jamaa zao wa nyama nyekundu wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa kitu kinachoitwa histamini. Ikishaingia, haitoki. Hakuna ndimu, chumvi, mafuta ya moto wala friji ya kuiondoa. Unaweza kumkaanga mpaka akawa mkaa na bado akakudhuru, na harufu isikwambie kitu.

Kwa hiyo:
- Nunua asubuhi, au vyombo vinapoingia. Matamvua mekundu, tumbo gumu, macho yamejaa.
- Ukinunua, nenda nyumbani. Usimpitishe samaki harusini na kwa shoga yako kwanza.
- Ukitia tonge ya kwanza ulimi ukawasha kama pilipili na pilipili hukutia, tema, mwaga sufuria yote. Usimpe paka.
- Mtu akibanwa na pumzi, hospitali wakati ule ule.
- Ukichelewa sokoni, pika mayai. Fungu lile la elfu mbili lilinigharimu teksi ya usiku, dawa na heshima yangu kwa mama mkwe.

4. Dagaa kavu, siku mbili. Huliwa na mifupa yake, na kwenye mifupa ndiko kuliko na madini ya kalisi. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, waliokaushwa chini watakutafunisha mchanga. Dagaa wetu wa huku huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo usitie chumvi nyengine. Mwenye presha nyumbani, waroweke maji ya uvuguvugu na uyamwage, mara mbili.

5. Majani kila siku. Mchicha, matembele, majani ya kunde, kisamvu. Osha kabla ya kukata, pika muda mfupi (kisamvu sicho, hicho kitwangwe na kichemke sana). Kamua ndimu mezani, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Na sturungi iache saa nzima baada ya kula, maana chai huyazuia.

6. Nazi moja tu. Tui jepesi la kuchemshia, tui zito mwisho kabisa.

7. Muhogo, majimbi, shelisheli na viazi lishe vizungushe na wali. Viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vina vitamini A, vipeni watoto.

8. Matunda ya msimu. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Maji ya rangi ya kwenye chupa si matunda.

---

MASWALI

Boss Mlandege: Sijasoma yote ni ndefu. Naomba ratiba ya wiki kwa kifupi.

Mwandishi: Kwa kifupi: soma.

Ukhti wa Chukwani: Kwa hiyo vibua tusile tena? Sisi ndio samaki tunaoweza kumnunua.

Mwandishi: Sijasema hivyo popote. Nakula vibua kila wiki, na wa bei rahisi kama yeye mwenye mafuta mazuri namna ile ni wachache. Nimesema usimnunue aliyeshinda juani.

Mwanafunzi Tunguu: Shangazi, samahani. Nimepanga chumba, napika mwenyewe. Dagaa kuna siku ni rahisi, kuna siku bei inapanda ghafla. Kuna utaratibu wowote au ni wafanyabiashara tu?

Mwandishi: Swali zuri, mwanangu. Angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao huifuata taa kukiwa na kiza. Mbalamwezi ikijaa taa haina kazi, vyombo vingi hukaa pwani. Kwa hiyo nunua katika siku za kiza, nusu kilo au kilo kwa mkupuo, waanike tena siku moja juani, watie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Hapo umeuvuka mwezi mkubwa bila kubabaika. Na kwa kuwa unapika peke yako, kaanga wengi na kitunguu na tungule mpaka wakauke. Leo utakula na wali, kesho na muhogo.

Nahodha Mstaafu: Kweli hayo. Muongezee upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, bahari chafu, bei ya samaki wote juu. Miezi hiyo ndiyo ya kula kunde.

Mwandishi: Ahsante, mzee wangu. Na bahati nzuri masika huwa imeshaacha mchicha kila kona.

Mtu wa Konde: Nazi moja kwa watu sita? Wewe si Mpemba.

Mwandishi: Nimezaliwa Wete, babu yangu mkwezi. Nazi naipenda, lakini mafuta yake ni ya aina inayoganda, na mama mkwe ana presha. Njoo na nazi zako mbili, nitakupikia sufuria yako peke yako.

Mtu wa Konde: 😂 Nakuja na tatu.

Mama Nassir: Watoto wangu hula muhogo mbichi wakitoka skuli. Kuna ubaya?

Mwandishi: Wakataze, bi mkubwa. Muhogo una sumu ya sianidi, mchungu umezidi, na kwa macho huwezi kuujua. Umenywe, urowekwe, uchemshwe vizuri, maji yamwagwe. Kisamvu vivyo hivyo, sufuria iache wazi mvuke utoke.

Mama Nassir: Nimekufahamu, Mungu akuzidishie. Na mimi nina la kwangu: makaa yananimaliza. Chungu kikishachemka nakiepua kwenye seredani, nakifunga kanga mbili na blanketi, nakitia kwenye kikapu. Choroko hujiivia wenyewe mpaka mchana.

Mwandishi: Hili silijui, na nimelipenda! Ila maharage mekundu yachemke kwanza dakika kumi kwa moto mkali, mapovu juu, ndipo uyafunge. Yakiivia moto mdogo tu tangu mwanzo yanatapisha.

Boss Mlandege: Vibua vya jioni vikikaangwa sana je?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mwanafunzi Tunguu: Kikapu kinakubali sufuria ya bati?

Mama Nassir: Kinakubali, mradi mfuniko ukae sawa na sufuria ijae. Ikiwa nusu inapoa haraka.

Mwandishi: Nimejaribu leo na kunde. Blanketi sikuliona, nimefungia mto wa kochi. Kunde zimeiva. Mume anauliza mbona kochi linanuka thomu.