Kukipatia kiwanda umeme safi: vyeti kabla ya paneli

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukisaidia kiwanda kimoja cha vyakula mjini Thika, ambacho mteja wake wa Ulaya alikitaka kionyeshe kwa maandishi jinsi kitakavyopunguza hewa ukaa.

Hatua ya 1. Kusanya bili za miezi 12, kisha uombe takwimu za mita za kila nusu saa, kwa kuwa bili hutaja uniti ulizotumia bila kutaja saa ulizozitumia.

Hatua ya 2. Pima paneli za jua kwa mzigo wa mchana, yaani umeme ambao mitambo yako huutumia mchana, ukikumbuka Jumapili mitambo inapozimwa. Binafsi siwashauri betri wenye viwanda vinavyofanya kazi mchana. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kuhesabiana na msambazaji (net metering) kwa umeme wa ziada anaouingiza kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na hilo lichunguze kwanza.

Hatua ya 3. Hakikisha vyeti, yaani hati zinazothibitisha kuwa umeme umetokana na jua, upepo au chanzo kingine jadidifu, ni vyako. Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Cheti kimoja cha nishati jadidifu huwakilisha megawati-saa 1 (uniti 1,000), na yule ambaye kimefutwa kwa jina lake kwenye daftari la kusajili vyeti, kisiuzwe tena, ndiye peke yake anayeweza kudai kuwa ametumia umeme huo. Kiwanda chetu hakikununua paneli. Mkandarasi alizifunga na kuzimiliki, nacho kikawa kinamlipa kwa kila uniti. Nilikuwa nimekwisha kujaza jedwali la hewa ukaa nilipokutana, kwenye kiambatisho cha mkataba, na mistari miwili iliyompa mkandarasi "sifa zote za kimazingira" za umeme ule. Paneli ziko juu ya paa letu na nyaya zinaingia kwenye swichibodi yetu, lakini usafi wa umeme ule ulikuwa mali ya mwingine, aliyekuwa huru kuuuza popote. Ilibidi turudi mezani tukiwa hatuna nguvu ya kudai chochote, kwa sababu sahihi zilikuwa zimekwisha kutiwa, na nyongeza ya mkataba tuliyoipata tuliilipia. Kwa hiyo soma viambatisho kabla ya bei. Hata mkandarasi akisema hajawahi kusajili vyeti, mwandikishe ahadi kwamba hatavisajili wala kuviuza. Neno la mdomo halimtoshi mkaguzi. Angalia pia mwaka uliochapwa kwenye cheti, usije ukafidia matumizi ya mwaka huu kwa umeme wa zamani.

Hatua ya 4. Nunua vyeti kwa uniti za gridi zilizobaki. Wengi huuliza kuna haja gani, ilhali gridi ya Kenya tayari inategemea zaidi mvuke wa ardhini wa Olkaria, maporomoko ya maji na upepo wa Turkana wenye megawati 310. Ni kweli, ndiyo maana mimi ningeanza kutumia fedha kwenye boila na jenereta ya dizeli. Hata hivyo, mwongozo wa mwaka 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa ukaa, unataka hesabu mbili, moja kwa wastani wa gridi na nyingine kwa mikataba na vyeti vyako. Ripoti yetu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu tuliandika ya pili tu.