Namna ya Kulinganisha Wimbo wa Injili wa Awali na Ule Uliorudiwa

Kwaya nyingi za Dodoma huimba nyimbo zilizokwisha kuimbwa na wengine, na mara nyingi ibada ikiisha mabishano huanza pale nje ya kanisa: huyu anasema wimbo umeharibiwa, yule anasema sasa ndipo umepata uhai. Mabishano hayo hayafiki mbali kwa sababu wabishi hutoa hukumu kabla ya kusikiliza kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe hauhitaji studio. Mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda au msikilizaji yeyote mwenye simu, spika za masikioni na daftari anaweza kuufuata.

Jambo la kwanza, na ndilo linalorukwa zaidi, ni kutambua wimbo wa awali ni upi hasa. Maneno, tuni na rekodi ya kwanza ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe na mwaka wake. Chukueni wimbo wa Tenzi za Rohoni unaoanza «Ni siku kuu siku ile». Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na mchungaji Philip Doddridge wa Uingereza, yakachapishwa mwaka 1755 baada ya kifo chake. Tuni inayojulikana leo pamoja na kiitikio chake vilitokana na Edward Rimbault katika karne ya 19. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edwin Hawkins na kwaya ya vijana wa California walikitwaa kiitikio hicho, wakaziacha beti zote, wakabadilisha mapigo matatu ya kila kipimo kuwa manne, na rekodi yao, «Oh Happy Day», ikavuma duniani mwaka 1969. Kwaya ya Majengo au Mpwapwa inayoiga rekodi hiyo ikidhani inaimba wimbo wa awali kwa kweli inarudia kilichokwisha kurudiwa, ilhali bibi anayeimba kutoka kitabuni yuko karibu zaidi na chanzo. Kwa hiyo andikeni juu ya ukurasa mambo matatu: nani aliandika maneno, nani alitunga tuni, na ni rekodi ipi mnayoilinganisha. Tarehe ambayo video imewekwa mtandaoni isihesabiwe kuwa tarehe ya wimbo, kwani kanda za zamani hupandishwa miaka mingi baada ya kurekodiwa.

Hatua ya pili ni maneno. Yaandikeni ya nakala zote mbili kwa safu zinazotazamana, ubeti kwa ubeti, mkitia alama palipoachwa, palipoongezwa na palipobadilishwa mpangilio. Msiharakishe kumlaumu mwimbaji kwa ubeti uliopotea. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu kwa upande mmoja, hivyo beti nyingi zilikatwa kwa kukosa nafasi na si kwa kukosa imani. Mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin, aliporekodi «Amazing Grace» kanisani Los Angeles mwaka 1972 kwa santuri ndefu, aliweza kukaa katika wimbo huo mmoja kwa zaidi ya dakika kumi.

Kisha sikilizeni mwendo, yaani kasi ya wimbo, na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umeegemea kama «do». Hesabuni mapigo ya sekunde 15, mzidishe kwa nne, na tafuteni «do» hiyo kwenye kinanda. Ikiwa nakala moja ina kasi zaidi na pia iko juu zaidi, shukuni kanda kabla ya kumshuku mwimbaji, kwa sababu kaseti ikizunguka haraka hupandisha vyote viwili kwa pamoja.

Baada ya hapo chunguzeni uimbaji wenyewe, na hapa inafaa kukaa muda mrefu. Thomas Dorsey, mtunzi wa nyimbo za injili wa Marekani, alitunga «Take My Hand, Precious Lord», ombi la kumsihi Bwana amshike mkono, mwaka 1932, baada ya mkewe Nettie kufariki akijifungua na mtoto mchanga kumfuata, na Dorsey aliegemea tuni ya tenzi ya karne ya 19. Mwimbaji wa injili Mahalia Jackson aliurekodi mwaka 1956, na mwimbaji wa roki Elvis Presley mwaka 1957. Jackson huvuta silabi moja juu ya noti kadhaa hadi mapigo yanakaribia kusimama. Presley huishika tuni kwa unyoofu zaidi, akizungukwa na waitikiaji wa kiume. Ukiuliza nani bora, umefunga mlango. Uliza badala yake kila mmoja ameuweka wapi uzito wa ombi lile, katika neno gani, na amepumua wapi. Jackson aliuimba tena mwaka 1968 katika mazishi ya Martin Luther King, na tukio kama hilo liandikwe daftarini, maana wimbo wa msibani na wimbo wa studio havipimwi kwa kipimo kimoja.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote. Tenzi zinapoimbwa Kigogo kwa ngoma za muheme, zeze, marimba na njuga, mabadiliko hayaishii kwenye mdundo. Muziki wa Wagogo hutumia noti tano zinazofuata mfululizo wa asili wa sauti, yaani sauti za juu zinazojitokeza zenyewe ndani ya noti moja ya chini, na nafasi kati yake hazilingani sawasawa na za kinanda. Mlinganishaji anayepima kwa kinanda ataandika kwamba waimbaji wametoka nje ya ufunguo, na atakuwa amekosea. Imbeni tuni ya kitabuni polepole, kisha sikilizeni kila noti ya nne na ya saba imekwenda wapi: imeachwa, imeshushwa, au imebebwa na sauti nyingine. Angalieni pia kama sauti nne za kitabuni, yaani soprano, alto, teno na besi, zimebaki, au mwanzishi mmoja sasa anaongoza na wengine wanamwitikia.

Andikeni hukumu mwishoni kabisa, kwa sentensi mbili: nakala mpya imedhihirisha nini ambacho kilikuwa kimefichika, na imepoteza nini. Halafu rudini kuisikiliza ile ya awali mara moja zaidi kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa mara nyingi kile tulichodhani kimeongezwa kilikuwamo tangu mwanzo katika sauti ya besi.