Bastola ya Magazini au Rivolva Ndogo: Namna ya Kulinganisha Kabla ya Kununua

Anayeomba kumiliki silaha nchini Kenya kupitia Bodi ya Leseni za Silaha anafaa kuamua mapema aina anayoitaka, kwa kuwa cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuweka, na akibadili nia baadaye hawezi tu kurudi dukani na kubadilishana.

Ni rahisi mnunuzi mgeni kuvutiwa na rivolva ndogo, maana inaonekana haina mambo mengi. Smith & Wesson 642, kwa mfano, ina uzito wa gramu 415 hivi na hubeba risasi 5. Wepesi huo una gharama yake: teke la silaha inapofyatuka huwa kali, mtutu ni mfupi kuliko sentimita 5, na kifyatulio huhitaji nguvu ya takriban kilo 5, kwa sababu kidole kinachokivuta ndicho pia kinachozungusha silinda, yaani pipa dogo lenye matundu ya risasi, na kurudisha nyundo nyuma. Glock 19, ambayo ni bastola ya magazini, huhitaji karibu nusu ya nguvu hiyo, na magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, hubeba risasi 15. Kwa maoni yangu, rivolva ndogo ni silaha ya mtu aliyekwisha kuizoea bastola, wala si ya anayeanza.

Usikate shauri kwa kuishika dukani. Nenda kwenye uwanja wa shabaha, kama ule wa Kirigiti huko Kiambu, na chini ya uangalizi wa mkufunzi upige kila silaha risasi 5, polepole, kwa umbali wa mita 5 kisha mita 10, ukitumia karatasi mpya kila mara. Tazama matundu yalivyokaribiana, halafu urudie mkono ukiwa umechoka. Bastola ya magazini hutumia nguvu ya risasi kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine, kwa hiyo kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea inaweza kukwama. Na mwenye vidole dhaifu huenda akashindwa kuvuta slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, na hapo rivolva humfaa zaidi.

Jambo linalostahili uzito kuliko yote ni namna ya kuhakikisha kwamba silaha ni tupu. Kwa rivolva, elekeza mtutu upande salama, fungua silinda, na matundu yote matano utayaona kwa mara moja. Kwa bastola ya magazini, toa magazini kwanza, kisha uvute slaidi, uizuie nyuma, uangalie ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na uiguse kwa ncha ya kidole, kwa maana kutoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huingiza risasi nyingine bila kujua. Ukiona hatua hizi zinakuchanganya hata baada ya mafunzo, chagua rivolva na uvumilie kifyatulio chake.

Usafishaji hautofautiani sana. Risasi zenyewe haziingiliani: Glock 19 hutumia za milimita 9, na rivolva hiyo hutumia .38 Special. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji asome nambari iliyochongwa kwenye silaha huku wewe ukiifuatisha, tarakimu kwa tarakimu, kwenye karatasi zako.