Kempingi kwa mara ya kwanza ukiwa mwanamke mweusi huku Marekani: anza hivi

Wadada mlioko Maryland, Virginia na DC, hii ni yenu nyie ambao kila joto likianza mnasema mwaka huu lazima nikalale kwenye hema, alafu mnaishia kuchoma nyama kwenye paki ya jirani.

Tuongee ukweli, wengi wetu dubu hatumuogopi kihivyo, tunaogopa watu. Upo msituni usiku, jirani humjui, na bendera aliyotundika kwenye pikapu yake unaielewa vizuri sana. Kwaiyo usichague sehemu kwa uzuri wa picha, chagua kwa kuangalia utakuwa umezungukwa na nani. Mi nashauri uanzie Shenandoah, hifadhi ya taifa iliyopo Virginia, kempu ya Big Meadows, ipo maili ya 51 ya barabara ya Skyline Drive na kutoka DC ni mwendo wa masaa mawili na kitu hivi. Familia zimejaa, marenja wanapita, vyoo vipo. Nafasi unabuku kwenye tovuti ya Recreation.gov mapema, wikendi za Oktoba majani yakibadilika rangi zinaisha chap. Watu watakwambia nenda katikati ya wiki kumetulia, mi naona kwa mara ya kwanza bora kelele za watoto wa watu kuliko utulivu unaokufanya ukodoe macho mpaka asubuhi.

Na anayesema kempingi ni mambo ya wazungu, mpeleke Lewis Mountain, kama kilomita 10 tu kusini ya hapo. Enzi za ubaguzi ndo kempu pekee weusi walitengewa kwenye hifadhi ile, mpaka 1950 ubaguzi ulipofutwa kabisa humo. Kama huna kampani tafuta Outdoor Afro, kikundi cha weusi wanaopenda kutoka porini, alichoanzisha dada Rue Mapp mwaka 2009, wana viongozi miji mingi na wanatoka pamoja.

Fika jua bado lipo, hema halijengeki gizani na tochi mdomoni. Lijaribu kwanza nyumbani. Mtumie dada yako namba ya saiti yako, yaani ile sehemu uliyobuku ya kuweka hema, na siku ya kurudi kabla hujapanda mlima maana mtandao huko juu ni wa kubahatisha. Ukimuona msimamizi wa kempu msalimie, akujue sura. Na moyo ukikataa mahali, kunja vitu uondoke, hela ya saiti isikushike.

Baridi sasa. Big Meadows iko juu kama mita 1,000 na kitu, hata Julai usiku utatafuta soksi. Baridi inatokea chini, kwaiyo kigodoro cha kutandika ni muhimu kuliko blanketi la pili, na ile digrii iliyoandikwa kwenye slipingi begi usiiamini sana, chukua ya baridi zaidi ya hapo. Jiko la mkaa usiingize ndani ya hema hata likibaki makaa mawili, ile moshi usiyoiona inaua.

Nywele: nenda umesuka, twende kilioni ndo mpango mzima, na boneti ya satini usisahau maana umande wa asubuhi na kitambaa cha begi vitazila kingo za nywele zako. Ila mafuta ya nazi, shea, losheni, dawa ya mswaki, vyote hivyo kwa dubu ni chakula, havilali kwenye hema. Vifungie kwenye gari pamoja na deli la barafu, ndo sheria ya hifadhi. Jioni kagua kupe, nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mistari ya nywele kabisa, pitisha vidole taratibu, ukikuta kipunje kigumu kimeng'ang'ania kitoe kwa kibano, ukishike karibu na ngozi uvute moja kwa moja.

Msosi usijitese. Pika pilau na maharage nyumbani, gandisha kwenye mifuko ya zipu, vitapoza deli njia nzima na jioni unapasha tu kwenye jiko dogo la gesi. Kuni nunua hapohapo kempu, za nyumbani kwako haziruhusiwi kwasababu zinabeba wadudu wanaoua miti. Khanga beba mbili, ya kuogea na ya kujifunika ukitoka chooni usiku.

Vifaa vya bei usikimbilie kununua, azima hema kwa mtu ulale usiku mmoja kwanza, ukipenda ndo ufungue pochi.