SOMO: Kutoa mimea ya vyungu nje baada ya baridi, na kuukinga udongo kabla ya vuli (Arusha na Moshi)

Kila mwezi wa tisa swali ni lile lile: "Majani yamebabuka, nifanyeje?" Naliandika jibu hapa mara moja. Ukiuliza tena nitakuelekeza namba ya hatua tu.

Video nyingi mnazotazama ni za Ulaya na Marekani. Kule mimea hutolewa nje barafu ikishaisha, mara nyingi mwezi wa tano. Huku kwetu mwezi wa tano masika bado inamwagika na kipupwe kinabisha hodi, kwa hiyo tarehe zao ziacheni huko huko. Wakati wetu ni baada ya baridi ya mwezi wa saba na wa nane, kabla vuli haijaanza. Na kinachoua mimea wakati huo ni jua, si baridi.

1. Wakati. Moshi mjini, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Arusha mjini, katikati ya mwezi. Mnaokaa juu kuelekea mlima Meru, ongezeni wiki moja au mbili. Kipimo ni usiku usioshuka chini ya nyuzi 12 au 13. Mimea yenye asili ya misitu ya joto husimama kukua kwenye baridi hiyo, na chini ya nyuzi 10 huanza kudhurika.

2. Kagua wadudu. Geuza majani, tazama upande wa chini na kwenye makwapa: vidung'ata (wale weupe kama pamba), vidukari, utitiri. Futa kwa kitambaa, kisha nyunyiza maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni. Kesho yake suuza.

3. Matundu ya chini. Zibua kwa kijiti. Chungu kisicho na tundu kisitoke nje. Mvua ya kwanza ya vuli itakigeuza bwawa.

4. Kuzoesha jua. Hapa someni polepole.

Jani lililokulia ndani ni jembamba na halina kinga ya jua kali. Ukilitoa ghafla linaungua ndani ya saa chache: kwanza weupe, halafu hudhurungi, halafu linakauka kama karatasi. Sehemu iliyoungua hairudi kijani.

Ugumu wa hapa kwetu ni kwamba tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, karibu saa 6 na nusu mchana, jua linakaa utosini kabisa. Simamisha fimbo uone, kivuli kinapotea. Maana yake kivuli cha ukuta hakisaidii mchana. Chungu ulichokiegemeza ukutani saa 2 asubuhi kikiwa kivulini, saa 6 kiko juani. Unahitaji kitu cha juu: mti, upenu mpana, au neti ya kivuli ya asilimia 50.

Mtego wa pili ni mawingu. Asubuhi za mwezi wa tisa Arusha na Moshi mara nyingi zimefunga, unasema "leo hakuna jua", unatoa vyungu uwanjani, unakwenda kazini. Saa 5 mawingu yanapasuka. Ukirudi jioni unakuta majani yameshababuka. Panga kwa mahali, usipange kwa mawingu.

Ratiba: siku 1 hadi 4, nje lakini kivuli kamili. Siku 5 hadi 7, jua la saa 1 hadi saa 2 asubuhi. Kisha ongeza nusu saa kila baada ya siku mbili mpaka ufike saa 4. Ni kazi ya wiki mbili hivi. Kupita saa 4 ni kwa bogenivilia, waridi, limau, mshubiri na jamaa zao tu, na hata hizo zikikaa ndani miezi mitatu zinapitia ratiba hii hii. Monstera, feni (kangaga) na begonia zibaki chini ya mti siku zote. Saintpaulia (African violet) usiitoe juani kabisa. Asili yake ni hapa hapa nchini, milima ya Usambara, kwenye miamba ya msituni isiyoona jua kali.

USIFANYE wiki hiyo hiyo: kubadilisha chungu, kukata mizizi, kuweka mbolea. Mmea unapambana na jua na upepo, usiuongezee kazi. Mbolea isubiri jani jipya.

5. Weka juu ya matofali. Chungu kikikaa juu ya udongo, tundu linaziba na mchwa wanapanda. Ndoo nyeusi za plastiki huchemsha mizizi; zifiche nyuma ya vyungu vya udongo.

6. Maji. Asubuhi mapema. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Nje, upepo wa mwezi wa tisa hukausha chungu haraka kuliko mlivyozoea sebuleni.

7. Ondoa sahani za chini. Mbu wa dengue huzaliana kwenye maji ya hizo sahani.

Sasa udongo wa bustani, maana mnahangaika na vyungu wakati ardhi yenyewe iko uchi. Udongo wetu wa volkano ukikauka unakuwa unga. Matone makubwa ya vuli yakiupiga, chembe ndogo zinaziba vinyweleo vya juu, unafanyika ukoko, na maji yote yanayofuata yanateleza na kuondoka na tabaka lenye rutuba. Kwa hiyo:

Acheni kufagia bustani. Fagio la chelewa kila asubuhi chini ya mti, kisha majani yanachomwa moto, ni kuhamisha udongo taratibu. Fagia uwanja, acha bustani.

Tandaza majani makavu ya migomba, nyasi zisizo na mbegu, au maganda ya kahawa yaliyooza, unene wa vidole vinne. Acha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina, la sivyo shina linaoza. Lowesha udongo kwanza. Matandazo juu ya udongo mkavu hunywa mvua ndogo yote na chini hapafiki kitu. Maranda ya mbao yakae juu tu. Ukiyachanganya na udongo yanamaliza naitrojeni na mboga zinageuka njano.

Kwenye mteremko, mtaro ukate mteremko, usishuke nao. Udongo unaouchimba utupe upande wa juu, kisha panda mabingobingo hapo. Na udongo ukiwa tope usiulime wala kuukanyaga.

MASWALI

haraka_haraka: Mkuu sijasoma yote, niko kazini. Naweza kutoa leo nikaweka juani moja kwa moja?
Mwandishi: Hatua ya 4.

haraka_haraka: Ila leo kuna mawingu.
Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya mawingu.

babawawili: Mimi huwa naweka juani siku hiyo hiyo na hazijawahi kufa. Mnatisha watu bure.
Mwandishi: Mimea gani?
babawawili: Mishubiri, na bogenivilia moja.
Mwandishi: Ndugu, bogenivilia ni mti wa jua. Toa feni kwa mtindo huo, kisha utupe picha hapa.

mamakijani_njiro: Shikamoo mwalimu. Monstera yangu majani matatu yana mabaka meupe tangu juzi. Niyakate?
Mwandishi: Marahaba. Rudisha kwenye kivuli leo. Usikate bado, sehemu iliyobaki kijani inaendelea kuulisha mmea. Jani lililokauka zaidi ya nusu ndilo la kuondoa, na moja moja, baada ya jani jipya kufunguka. Maji kwa kipimo cha kidole, mbolea hapana.

kihamba_mdogo: Swali la pembeni. Masale ya kwenye ua nyumbani Marangu yako safi kabisa. Niliyopanda kwenye chungu hapa Arusha ncha zinakauka hudhurungi, ingawa iko kivulini na namwagia vizuri. Tofauti ni nini?
Mwandishi: Swali zuri sana hili. Shuku maji kwanza. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano ya Meru, ndiyo hiyo inayotia meno madoa. Masale, pamoja na jamaa zake wa dracaena, ni wepesi kudhurika nayo: inapanda na maji, inajikusanya kwenye ncha za majani, ncha zinakufa. Ardhini mvua huisafisha, chunguni inarundikana. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki pale pale. Kinga maji ya mvua ya paa, ukiacha ya mwanzo yaoshe vumbi, umwagie hayo. Mara moja kwa mwezi mwaga mengi, kama mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite na kutoka chini. Na usitumie mbolea ya supafosfeti kwenye masale, ina floridi pia. Chokaa kidogo ya kilimo kwenye udongo wenye tindikali hupunguza ufyonzwaji wake.
kihamba_mdogo: Asante sana. Ncha zilizokufa nizikate?
Mwandishi: Kata kwa mkasi kufuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa hudhurungi. Ukikata kwenye kijani, kidonda kipya kinakauka tena.

pasua_bustani: Moshi huku nikitandaza tu mchwa wanajaa. Bora niache udongo wazi?
Mwandishi: Hapana. Mchwa wanafuata vikavu. Penye mchwa, tandaza mvua ikishaanza, si mwezi mmoja kabla, na weka tabaka jembamba unaloongeza kidogo kidogo. Yasiguse shina.

mamakijani_njiro: Na pumba za mpunga je? Nasikia zinachanganywa kwenye vyungu.
Mwandishi: Ndiyo, ila zilizochomwa zikawa nyeusi, zisiwe jivu jeupe. Udongo ndoo mbili, mboji iliyoiva ndoo moja, pumba zilizochomwa ndoo moja. Chungu kinakuwa chepesi na maji hayatuami. Zinapatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga, upande wa Mabogini kwa mfano; nenda na magunia yako.

mgeni_sakina: Samahani, sijaona. Nitoe lini?
Mwandishi: Hatua ya 1.